Huku mgeni hasindikizwi

Leo Jumatatu, siku yetu wamisionari ya maandalizi, nguo ziko kwenye mashine na kompanyoni wangu, yaani mmisionari mwenzangu, anaandikia nyumbani kwao, kwa hiyo na mimi ngoja nitoe kitu kilichonikaa rohoni tangu Alhamisi.

Nimehamishiwa eneo jipya, Blackburn, kaskazini magharibi ya Uingereza, hii ni wiki ya pili. Kwa wasiojua misheni yetu, sisi vijana wa kiume wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho tunatumikia miezi 24, wawili wawili, mwenzako humwachi hata ukienda dukani, na kila wiki kama sita kuna transfa, unabaki au unaambiwa funga begi. Mi nimefunga begi. Kompanyoni mpya ni kijana wa Idaho, Marekani, miaka 19, mtoto wa mkulima wa viazi, anaamka kabla ya kengele ya saa kumi na mbili na nusu na barabarani anatembea kama mtu anayewahi mvua. Nimeshampenda. Ila bado hatujazoeana, kila mtu anachunga maneno yake.

Sasa Alhamisi tukamtembelea mzee mmoja aliyefiwa na mke mwaka jana. Mzee mwema kabisa, alishajua kwa imani yetu hatunywi chai akatununulia juisi, akaleta biskuti, tukasoma maandiko, tukaomba, tukasimama kuaga. Akasema asanteni kwa kuja. Nikatoka, na kabla mguu wangu wa pili haujagusa lami nikasikia mlango pa, ufunguo, halafu mnyororo. Nyumba za mtaa ule zimeshikana mstari mzima na mlango unatokea barabarani moja kwa moja, hakuna kibaraza wala uwanja, ukitoka umetoka. Saa kumi na moja jioni na giza limeshaingia. Nikabaki nimesimama nikijiuliza tumemkosea nini. Nikamuuliza mwenzangu, tumemuudhi? Akanishangaa. Amefurahi sana, ametuambia turudi Alhamisi ijayo, hukusikia?

Nilisikia. Ila usiku ule sikulala vizuri.

Nyie mnajua kwetu ilivyo. Mgeni akisema jamani ngoja nisogee, ndo kwanza mama anatafuta kandambili, "subiri nikutoe." Kukutoa kwenyewe ni kutoka Mbagala ndani ndani huko mpaka barabarani, mnasimama kwa muuza mihogo, mnasimama kumsalimia mama nani, mnavuka lile dimbwi, mkifika stendi daladala la kwanza linajaa mnaliacha lipite kwa sababu maneno bado. Ndo hapo mgeni anasema kilichomleta. Ndani alisema wazima, hatujambo, watoto wanasoma. Njiani ndo unasikia mume hajarudi wiki ya tatu.

Hii siongei kwa kuhadithiwa. Wamisionari walipokuja kwetu mara ya kwanza mama hakusema neno, baba mdogo alikuwepo na televisheni ilikuwa inaunguruma, yeye aliinama tu anachambua mchele. Wakaaga. Mama akavaa kandambili akawatoa, na mimi nikafuata nyuma nimeshika mwavuli wa mmoja wao. Tulipofika kwenye mwarobaini karibu na stendi mama akasimama akawauliza, mwanangu wa pili alikufa ana miezi minne, yuko wapi saa hizi? Sikuwahi kumsikia mama akimtaja yule mtoto mbele ya watu. Wale vijana walikaa naye pale mpaka magari yakapungua. Kubatizwa kwa mama, na kwangu, na hizi suruali nyeusi na kibao cha jina kifuani ninavyovaa leo, vyote vilianzia chini ya ule mti, sebuleni hakukuanza kitu. Sasa mi nakuja kufanya kazi ileile mahali ambapo hiyo njia haipo, mtu anakufungia mlango na swali lake amebaki nalo ndani, na mwenzangu anaandika kwenye ripoti kwamba somo limekwenda vizuri. Mi naona tumeondoka katikati.

Najua kuna watu hapo wameshakunja uso. Ooh, amefika juzi Ulaya ameanza kuwasema wanaompokea. Hapana, siwasemi. Mwingereza akikwambia hapana asante, umejua, unaenda mlango wa pili. Kwetu je? Kwetu nimetumikia kama mmisionari wa muda mfupi kabla visa haijatoka, mtu anakukaribisha, anakupa soda, anakutoa mpaka barabarani anakushika mkono na mikono yote miwili, "Jumapili ntakuja mapema kabisa," na Jumapili umemwekea kiti na hapokei simu. Wiki tano. Nani hapo hajafanyiwa hivyo? Nani hajawahi kufanya? Ule mkono wa stendi ulikuwa wa nini kama ulijua huji?

Na mwingine anakutoa ili akupige kizinga. Hiyo nayo tuiseme. Mnafika kwenye kona yenye giza anaanza, kaka nina shida kidogo. Tangu nije huku vizinga vinakuja kwa simu, watu wanaamini nalipwa. Silipwi. Hakuna mmisionari wa umri wetu anayelipwa mshahara, akiba yangu ya miaka miwili ya kuuza vifaa vya simu iko humu, na naomba mnielewe hilo mara moja tu.

Kwa hiyo sijifanyi kwamba kwetu ni peponi. Nasema kwenye jambo hili moja sisi tuna kitu, na wengi wenu mnakiacha huku mkijiona mmeendelea. Nenda nyumba mpya za huko Goba, geti, kengele, ukiaga mwenyeji hanyanyuki kwenye kochi, "nimeshakuitia Bolt, iko nje." Mlinzi ndo anakutoa! Mnamwita huyo mtu wa kisasa, na mama yangu mwenye kandambili mnamwita mswahili, kwa dharau. Mwaka huu mama alienda Nairobi kwa basi, kwenye hekalu la kanisa letu lililowekwa wakfu Mei 2025, na akina mama wa Muungano wa Usaidizi, umoja wa wanawake wa kanisa, walimsindikiza mpaka stendi ya Magufuli saa kumi alfajiri, wengine na watoto mgongoni, mvua inanyesha. Alinisimulia hilo kwa video kabla hajanisimulia hekalu. Hao ndo mnawaita hawajastaarabika.

Mwingine ataniambia ndo utamaduni wa wenzio, baridi, waache. Nilikuwa nimeshakubali hivyo. Ijumaa usiku nikamweleza kompanyoni yote haya, mwarobaini na kila kitu, nikidhani hatanielewa. Akanyamaza, halafu akaniambia kwao bibi yake anasimama mlangoni na kupunga mkono mpaka taa za gari zipotee, hata theluji ikiwepo. Halafu akanisimulia habari ya Heber C. Kimball, mmoja wa wamisionari wetu wa kwanza kufika Uingereza, walianzia Preston mwaka 1837, sio mbali na hapa. Mwaka 1838 alipokuwa anaaga kijiji cha Chatburn, mbele kidogo ya Blackburn, watu walijaa milangoni wakilia na watoto wakamfuata barabarani, mpaka akavua kofia na kutamani avue na viatu. Waingereza hao. Wa mkoa huuhuu!

Kwa hiyo msiniambie Mzungu hajui. Walijua. Babu wa bibi zao walitoka nje na watoto wao, sijui lini wakaanza kubaki ndani na mnyororo, na ndo maana naandika kwa ukali kuhusu Goba, kwa sababu kitu hiki kinapotea na waliokipoteza hawakumbuki kama waliwahi kuwa nacho.

Jana kanisani mzee wetu alikuja, akakaa nyuma. Kompanyoni akamuuliza mapipa ya taka mtaani kwao yanatolewa lini. Alhamisi usiku, gari linapita Ijumaa asubuhi. Mi sikuelewa kwa nini anauliza mapipa. Tulipotoka akaniambia, Alhamisi hii tukimaliza kuomba tumwombe tumsaidie kutoa pipa, liko uchochoro wa nyuma, linatakiwa kuzungushwa mpaka kona, mwendo wa dakika tano kama tukienda polepole. Akarudia hilo neno, polepole, kwa Kiswahili, nililomfundisha Jumatano nikimwomba apunguze mwendo.

Mama nimeshamwambia. Amesema siku hiyo tuvae viatu vya mvua, na tusimwache mzee arudi peke yake gizani, na sisi tumtoe.