Bahasha ya Waziri Mkuu na mkataba wa bandari

Mimi naona Bunge letu lipewe nafasi ya kuhoji wateule wa Rais na mikataba kabla mambo hayajafungwa. Novemba 2015 bahasha ililetwa bungeni Dodoma ikiwa imefungwa, Spika Ndugai akaifungua mbele ya wabunge, humo ndani jina ni Kassim Majaliwa, na siku hiyohiyo wakapiga kura, 258 wakasema ndiyo na 91 hapana. Sasa hao 258 walipata saa ngapi za kumhoji? Na hiyo ni kwa Waziri Mkuu, maana katiba yetu inataka Bunge limthibitishe, mawaziri wengine wote Rais akishateua wanaenda kuapa tu basi.

Wenzetu Kenya mteule wa uwaziri anakaa mbele ya kamati, laivu kwenye TV, anaulizwa ana mali kiasi gani na kaipataje. Wapo wanaosema ni maigizo, na wana hoja, maana Agosti 2024 katika majina 20 ya Ruto walipita 19 na aliyekatwa ni mmoja tu, Stella Lang'at. Pia kuna hoja kwamba Rais ndo kachaguliwa na ndo tutamuuliza mambo yakiharibika, so apewe nafasi apange timu yake, ukiwapa wabunge meno sana kila jina linageuka biashara ya kugawana vyeo. Hiyo naielewa kabisa. Ila hata yule aliyepita kirahisi, alichojibu pale kimerekodiwa na mwananchi atakuja kumkumbusha.

Kwenye mikataba ndo panaponiuma zaidi. Ibara ya 63 ya katiba inasema Bunge lijadili na kuridhia, sawa, lakini ule wa serikali yetu na Dubai kuhusu bandari zetu ulisainiwa Oktoba 2022 ukafika bungeni Juni 2023, ukapita tarehe 10 kwa siku moja, Bunge lenyewe karibu wote CCM. Serikali wanasema huwezi kwenda mezani na watu mia tatu na kitu nyuma yako, kila kipengele kinavuja, mwekezaji anakimbia. Kweli. Lakini mbunge anayeletewa karatasi yenye saini tayari ana njia mbili tu, aikubali yote au aiaibishe nchi yake, kubadili hata mstari mmoja hawezi, na ndo maana ule mjadala ulihamia mtaani na mahakamani Mbeya. Kamati ingeuona mkataba kabla ya kusainiwa, hata kwa siri, hata kwa wiki mbili, vile vipengele vya ukomo (mkataba unaisha lini) na kujitoa vilivyotugombanisha vingeulizwa wakati bado vinarekebishika.