Mitterrand kati ya gilotini na Rwanda

Tarehe 9 Oktoba 2025 Ufaransa ilimwingiza Robert Badinter katika Panthéon, jengo la Paris inamowaenzi watu wake wakubwa. Siku hiyo ilitimia miaka 44 tangu kutiwa saini sheria ya kufuta adhabu ya kifo, sheria aliyoitetea akiwa waziri wa sheria. Kila anayemsifu Badinter hana budi kumtaja aliyempa uwaziri ule: François Mitterrand, msoshalisti wa kwanza kuchaguliwa rais katika Jamhuri ya Tano, yaani mfumo wa utawala wa Ufaransa tangu 1958, aliyetawala miaka 14, kuanzia Mei 1981 hadi Mei 1995. Hapo ndipo wengi wetu tunaosoma Kiswahili, hasa wa Maziwa Makuu, tunapokwama. Kwetu jina la Mitterrand haliji na habari za gilotini, mashine ya kukata vichwa vya waliohukumiwa kifo. Linakuja na Rwanda.

Nianze na haki yake, maana ni kubwa. Machi 1981, wiki chache kabla ya uchaguzi, aliulizwa kwenye televisheni msimamo wake kuhusu adhabu ya kifo. Kura za maoni zilionyesha kuwa Wafaransa wengi walitaka ibaki. Alikuwa mgombea aliyekwisha kushindwa mara mbili, 1965 na de Gaulle, 1974 na Giscard d'Estaing. Angepindisha maneno, wenzake wangemwelewa. Hakupindisha. Alisema dhamiri yake inaikataa adhabu hiyo, na kwamba anajua wengi hawako naye. Tarehe 10 Mei alimshinda Giscard kwa karibu asilimia 52 ya kura. Septemba Badinter alisimama bungeni, na wabunge wakaipitisha sheria kwa kura 363 dhidi ya 117. Seneti, iliyokuwa mikononi mwa mrengo wa kulia, nayo ikakubali. Mtu wa mwisho kukatwa kichwa Ufaransa alikuwa Hamida Djandoubi, mhamiaji kutoka Tunisia, katika gereza la Marseille, Septemba 1977. Ni jana tu.

Lakini mkono uleule uliwahi kuandika mengine. Mwaka 1956 na 1957, vita vya Algeria vilipopamba moto, Mitterrand ndiye aliyekuwa waziri wa sheria. Tarehe 19 Juni 1956 Ahmed Zabana na Abdelkader Ferradj walikatwa vichwa katika gereza la Barberousse, Algiers, wakawa wa kwanza kati ya wapigania uhuru wapatao 45 waliouawa kwa gilotini katika uwaziri wake. Februari 1957 ikawa zamu ya Fernand Iveton, mfanyakazi mkomunisti mwenye asili ya Ulaya, ambaye bomu lake halikulipuka wala halikumuua mtu. Neno la mwisho kuhusu msamaha lilikuwa la Rais René Coty, hilo ni kweli. Waziri wa sheria alikuwa akitoa ushauri, na wanahistoria waliofungua majalada wamekuta kwamba mara nyingi ushauri wa Mitterrand ulikuwa mmoja: msamaha ukataliwe.

Wanaomtetea husema binadamu hubadilika. Nakubali, na sioni sababu ya kumnyima mtu sifa ya kubadilika. Husema pia kwamba serikali nzima ya Guy Mollet, waziri mkuu wa wakati huo, ilikuwa na msimamo huo, na waziri mwenye ndoto ya kuwa waziri mkuu asingethubutu kujitenga. Hoja hii ya pili hainishawishi, kwa sababu ndiyo inayomhukumu. Wakati kujitenga kungemgharimu cheo, na wanaokufa ni Waalgeria, alinyamaza.

Mambo ya uchumi nitayapita haraka, kwa kuwa Wafaransa wenyewe wameyachambua hadi mfupa. Likizo ya wiki tano yenye malipo, wiki ya kazi ya saa 39, pensheni katika umri wa miaka 60, benki na viwanda vikubwa kutaifishwa. Kisha, Machi 1983, baada ya faranga kushushwa thamani mara tatu, akageuza usukani na kufunga mkanda. Wapo walioiita hekima, wapo walioiita usaliti; ukosefu wa ajira uliendelea kupanda. Kuhusu Ulaya, alifanya kazi inayodumu: mwaka 1984 alishikana mkono na Helmut Kohl mbele ya makaburi ya vita karibu na Verdun, na mwaka 1992 Wafaransa waliridhia Mkataba wa Maastricht, uliounda Umoja wa Ulaya, kwa zaidi kidogo ya asilimia 51.

Rwanda siwezi kuipita haraka.

Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF, kundi la waasi ambao wengi wao walikuwa wakimbizi wa Kitutsi, walipovuka mpaka kutoka Uganda, Mitterrand alituma wanajeshi Kigali katika operesheni iliyoitwa Noroît. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kuwalinda Wafaransa waliokuwa huko. Wanajeshi hao walikaa hadi Desemba 1993, na katika muda huo Ufaransa ilitoa silaha na kulifunza jeshi la Rais Habyarimana, ambalo liliongezeka haraka sana. Pale Élysée, ikulu ya Ufaransa, RPF ilitazamwa kama mkono wa Uganda na wa ulimwengu wa Kiingereza unaonyemelea eneo la Kifaransa. Na kulikuwa na hesabu nyingine, ambayo mimi naiona mbaya kuliko hiyo. Juni 1990, huko La Baule, Mitterrand aliwaambia marais wa Afrika kwamba msaada wa Ufaransa utawafaa zaidi watakaoelekea kwenye demokrasia. Kwa Rwanda demokrasia hiyo ikasomwa kwa kabila: Wahutu ni wengi, basi serikali ya Wahutu ndiyo serikali ya umma. Aliyewahi kuishi na siasa za namna hiyo anajua zinakoishia.

Maonyo yalikuwepo. Januari 1993 tume ya mashirika ya haki za binadamu ilirudi kutoka Rwanda na habari za mauaji ya Watutsi, na mmoja wa wajumbe wake, Jean Carbonare, alizungumza kwenye televisheni ya Ufaransa huku machozi yakimlenga, akiomba kitu kifanyike. Hata ndani ya serikali, waziri wa ulinzi, Pierre Joxe, alimwandikia rais akiihoji sera hiyo. Haikubadilika.

Upande wa utetezi una hoja nzito, na ni lazima ziwekwe mezani. Ufaransa ilimsukuma Habyarimana aketi kwenye mazungumzo yaliyozaa Mkataba wa Arusha wa Agosti 1993, wa amani kati ya serikali yake na RPF. Mauaji ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, dunia nzima iligeuza uso: Baraza la Usalama lilikata kikosi cha Umoja wa Mataifa hadi watu 270 hivi, na Marekani ilikwepa hata neno lenyewe la mauaji ya kimbari. Mwisho wa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa saa 24 tu, na hakuna taifa kubwa lililotuma jeshi. Aliyetuma, mwezi Juni, ni Mfaransa. Operesheni Turquoise iliokoa maelfu. Tena Mitterrand alikuwa akigawana madaraka na waziri mkuu wa mrengo wa kulia, Édouard Balladur, huku saratani aliyowaficha wananchi kuanzia 1981 hadi 1992 ikimla.

Yote hayo ni kweli. Lakini tarehe 27 Aprili 1994, mauaji yakiwa katika wiki ya tatu, wajumbe wa serikali iliyokuwa ikiyaendesha walipokelewa Élysée. Mmoja wao, Jean-Bosco Barayagwiza, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio RTLM iliyowaita watu waue. Mahakama ya kimataifa ya Arusha, iliyoundwa kuhukumu mauaji hayo, ilimtia hatiani mwaka 2003. Na Turquoise hiyohiyo ina Bisesero. Tarehe 27 Juni askari wa Kifaransa waliwakuta Watutsi waliokuwa wakijificha katika milima hiyo, wakawaambia watarudi. Walirudi tarehe 30. Katika siku hizo tatu, mamia waliuawa. Na kupitia eneo la Turquoise wengi wa waliopanga mauaji walifika Zaire, Kongo ya leo, wakajichanganya na wakimbizi. Bukavu na Goma bado zinalipa deni hilo.

Tume ya wanahistoria iliyoongozwa na Vincent Duclert ilitoa ripoti Machi 2021. Haikuona ushahidi kwamba Ufaransa ilishiriki katika mauaji ya kimbari. Iliona wajibu mzito, na ikauweka hasa kwa rais na kundi dogo la washauri wake. Miezi miwili baadaye Emmanuel Macron alikwenda Kigali na kukiri wajibu huo, ingawa hakutamka ombi la msamaha kama wengi walivyotarajia.

Kwa hiyo simwoni Mitterrand kama watu wawili, mwema wa 1981 na mbaya wa 1994. Ni mtu mmoja mwenye shingo ngumu. Shingo hiyo ndiyo iliyomwezesha kuzipuuza kura za maoni na kuifuta gilotini, na ndiyo iliyomfanya asiwasikie Carbonare na Joxe. Kilichotofautiana ni chumba. Adhabu ya kifo aliitangaza mbele ya wapiga kura kabla hawajampa kura, ikajadiliwa bungeni, wapinzani wakasema walilonalo, naye angeweza kushindwa. Rwanda iliamuliwa katika ofisi chache za Élysée, kwa madokezo yenye alama za kalamu ya rais pembeni, bila kura, bila mtu wa kumwambia hapana akasikilizwa. Katiba ya Ufaransa ilimruhusu, kwa desturi ya kumwachia rais jeshi na mambo ya nje. Wanaosema kosa ni la mfumo wana sehemu ya ukweli. Mitterrand mwenyewe, akiwa mpinzani miaka ya 1960, ndiye aliyeushambulia mfumo huo kwa ukali kuliko wote. Alipoukalia, hakuugusa.

Hotuba ya Badinter bungeni ilisikika siku ileile aliyoitoa, 17 Septemba 1981. Madokezo ya Élysée kuhusu Rwanda yalibaki yamefungwa, na mtafiti mmoja alilazimika kwenda hadi Baraza la Dola, mahakama ya juu ya masuala ya utawala, kudai ayasome. Baraza lilimpa haki hiyo Juni 2020, miaka 26 baada ya Bisesero.