Bili ya ukucha ulioota ndani ya nyama

Ukucha wa kidole gumba cha mguu ukishazama kwenye nyama na kuanza kutoa usaha, kuutibu si kazi ngeni wala kubwa. Kidole kinachomwa ganzi pande zote mbili za shina lake na kufungwa mpira wa kuzuia damu. Ukingo uliozama unakatwa kwa urefu hadi kwenye mzizi na kuvutwa nje, kisha mzizi unapakwa fenoli, kemikali ya kuunguza, ili kipande kile kisiote tena. Mikono iliyozoea inamaliza ndani ya nusu saa, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo akitembea.

Katika hospitali kubwa binafsi za Dar es Salaam, bili ya kazi hiyo inaweza kuvuka laki moja. Mtumishi wa umma wa kima cha chini, hata baada ya ongezeko la Julai 2025, analipwa 500,000 kwa mwezi kabla ya makato. Moja ya tano ya mshahara inakwenda kwenye ukingo wa ukucha. Kwa muuza mitumba au mama lishe asiye na bima, hesabu ni chungu zaidi, kwa sababu mguu unaouma ndio huo huo anaosimamia kutafuta riziki.

Kwa hiyo malalamiko kwamba bili ya hospitali binafsi ni kubwa mno kwa kazi ndogo hivi yana msingi. Lakini anayelalamika aitazame bili yake mstari kwa mstari, maana jibu limo humo. Kuna kufungua faili, kumwona daktari wa kawaida, kumwona bingwa aliyeelekezwa kwake, vipimo vya damu, chumba cha upasuaji mdogo, ganzi na vifaa, dawa za kumeza za wiki nzima, kisha kurudi kusafishwa kidonda, na kila kurudi kuna malipo yake. Kile kitendo cha kuukata ukucha kimebeba sehemu tu ya fedha. Sehemu kubwa imeliwa na njia ambayo mguu ulipitishwa kabla na baada ya kufika kwenye mkasi.

Wenye hospitali nao wana hoja, na sipendi kuipuuza. Mkasi na koleo la ukucha lazima vipikwe kwenye mashine ya mvuke kila baada ya mgonjwa mmoja. Mashine hiyo inahitaji umeme, na umeme ukikatika inahitaji jenereta. Ganzi ni dawa ya bei ndogo, ila anayeichoma lazima awe na vya kumwokolea mgonjwa endapo mwili wake utaikataa. Kuna kodi ya pango, leseni na mishahara. Serikali haiwapi ruzuku ya kumlipa muuguzi. Tuliyaona haya hadharani tarehe 1 Machi 2024, hospitali nyingi binafsi ziliposimamisha huduma kwa wanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, zikisema kwamba bei za kitita kipya, yaani orodha ya huduma na malipo ya mfuko huo, hazifikii gharama. Wanachama walihangaika, na hasira yao ilikuwa ya haki. Hata hivyo mgogoro ule ulionyesha kwamba bei ya chini iliyoandikwa kwenye karatasi haimtibu mtu kama anayetoa huduma anaona anapata hasara.

Tena hospitali ya umma si kwamba ni bure kwa kila mtu. Nauli, foleni ya asubuhi nzima, kuambiwa urudi wiki ijayo na siku ya biashara iliyopotea ni gharama pia, ingawa hazina risiti. Anayeamua kwenda hospitali binafsi kwa sababu hawezi kufunga duka siku mbili hafanyi anasa.

Ninapoachana na wenye hospitali ni pale matatizo yote ya miguu yanapoingizwa katika njia hiyo moja ya ghali. Magaga hayahitaji daktari bingwa. Yanahitaji maji ya uvuguvugu, jiwe la kusugulia, mafuta mazito kila usiku na viatu vinavyofunika kisigino. Daktari atafutwe pale mpasuko unapotoa damu au kuvimba. Fangasi wa katikati ya vidole, kwa wengi wetu, wanakwisha kwa krimu ya klotrimazoli au mafuta ya Whitfield kutoka duka la dawa, mradi mtu akaushe vidole kila anapooga na asiache dawa siku ileile muwasho unapokoma. Wengi huacha hapo, fangasi wakarudi, wakadhani dawa ni feki.

Chunjua za unyayoni zina ushahidi unaogusa mfuko moja kwa moja. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha jaribio la watu 240 wa Uingereza na Ayalandi. Nusu waligandishwa chunjua kwa naitrojeni ya kimiminika mikononi mwa mtaalamu, nusu walijipaka wenyewe nyumbani asidi ya salisili ya asilimia 50. Baada ya wiki 12, waliopona kabisa walikuwa takribani asilimia 14 kila upande. Kugandisha kuligharimu zaidi ya pauni 100 za ziada kwa kila mgonjwa. Chunjua nyingi huondoka zenyewe kwa muda, hasa kwa watoto. Daktari anayekuuzia kugandishwa mara nne au tano bila kukwambia hayo amekunyima habari uliyohitaji kabla ya kufungua pochi.

Hata kwenye ukucha ulioota ndani, dawa za kuua bakteria zinazoandikwa kwa mazoea mara nyingi hazina kazi kwa mtu mwenye afya njema. Ukingo unaochoma nyama ukishatolewa, usaha unakauka wenyewe. Huo ni mstari mmoja wa bili unaoweza kufutwa bila kumdhuru mtu. Kipimo cha sukari, kwa upande mwingine, ningekibakiza hata kama mgonjwa ananung'unika.

Kwa mwenye kisukari, hesabu yote niliyoifanya hapo juu inapinduka. Mishipa ya fahamu ya miguu ikishakufa ganzi, sugu ndogo inaweza kuficha kidonda kirefu chini yake, na asidi ile ile niliyoisifia kwa chunjua inaweza kumchoma asisikie. Akae mbali na wembe wa kijana anayepita mtaani na kikapu cha rangi za kucha, na asisugue magaga hadi damu. Kwake, elfu hamsini za kuona mguu mapema ni fedha ndogo mbele ya kitanda cha hospitali, na ndogo sana mbele ya kukatwa mguu. Nikisikia mtu anawashauri wagonjwa wote wasipoteze pesa kwa vidonda vidogo vya miguu, huwa nawafikiria hawa, kwa kuwa wengi wao hawajajua bado kwamba wana sukari.

Basi wenye miguu ya kawaida wasilipishwe kama wagonjwa wa upasuaji, na wenye kisukari wasikwepe matibabu kwa kuogopa bili. Haya mawili yanakutana kwenye swali la nani aguse mguu. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Johannesburg kinafundisha shahada ya tiba ya miguu. Wahitimu wake wanakata kucha, wanachonga sugu na kukagua miguu ya wenye kisukari bila kumsumbua daktari mpasuaji. Huku kwetu kazi hiyo imetawanyika kwa daktari wa ngozi, mpasuaji, saluni na mpaka rangi wa mtaani. Katikati, pale ambapo tabibu (mtoa huduma wa ngazi ya chini ya daktari) au muuguzi aliyefundishwa angetosha, pako karibu patupu.

Kufundisha watu wa ngazi hiyo si ndoto. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 kimewaandaa matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika kutibu ngozi na magonjwa ya zinaa mahali ambapo daktari bingwa hafiki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Step by Step, ambao Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ulifundisha timu za daktari na muuguzi kutoka mikoani namna ya kukagua na kutibu miguu ya wenye kisukari. Maarifa yapo nchini. Kinachokosekana ni kuyaweka kwenye kituo cha afya cha kawaida, cha umma na cha binafsi, kwa bei inayolingana na mshahara wa anayefanya kazi hiyo.

Nimesikia pingamizi kwamba tabibu akiachiwa ganzi na mkasi, makosa yataongezeka. Ni hofu ya kweli, na dawa yake ni mafunzo yenye usimamizi na orodha wazi ya nani apelekwe juu: mwenye kisukari, mguu wa baridi usio na mapigo ya damu, wekundu unaopanda kuelekea kifundo. Pingamizi hilo lina nguvu kidogo mbele ya hali ilivyo sasa, ambapo aliyeikimbia bili ya bingwa anaishia kuchokolewa kwa pini nyumbani.

Kuandaa kada hiyo ya matabibu na wauguzi wa miguu kutachukua miaka. Lipo jambo ambalo hospitali binafsi inaweza kulianza Jumatatu ijayo. Iandike pale mapokezi bei moja ya kutibu ukucha: kumwona daktari, ganzi, kukata, fenoli na kusafishwa kidonda hadi kipone, vyote ndani. Na iseme mapema itakavyokuwa ukucha ule ule ukirudi kuota nyamani baada ya miezi mitatu, kama mgonjwa atalipa upya bili nzima au atarekebishiwa kwa gharama ya aliyemtibu.