Kwani kalazimishwa na nani?

Swali hili utalisikia Mwanjelwa, utalisikia Makambako, utalisikia Tunduma kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Dada anayejiuza, mnenguaji aliyepanda jukwaani na kanga moja, mhudumu wa baa anayeondoka na mteja saa saba usiku: kwani kalazimishwa na nani? Wanaouliza hivyo ni watu wa aina mbili, na wanamaanisha mambo yanayopingana. Mmoja anataka kusema huyo ni mtu mzima, mwili ni wake, mwacheni. Mwingine anataka kusema kajitakia, basi yakimkuta asije kutulilia. Kwa miaka mingi nimempa kila mmoja nusu ya haki. Siku hizi naona wote wamekosea mahali pamoja: wametazama kama alikubali, hawakutazama kama angeweza kukataa.

Mwaka juzi basi letu liliharibika Makambako, tukalala pale. Ilikuwa Juni, na baridi ya kule waliozaliwa Nyanda za Juu Kusini wanaijua. Niliingia baa ya jirani kutafuta chakula. Mhudumu, binti wa Kibena, akanisalimu kamwene, akaniletea ugali, huku akihudumia meza tatu za madereva na matingo. Kila bia aliyoifungua, kizibo alikitumbukiza kwenye glasi katikati ya meza, maana vizibo ndiyo hesabu. Meza moja wakaondoka bila kulipa. Akavimwaga vizibo kwenye sinia, akavihesabu: sita. Akavihesabu tena, kama vile vingepungua. Bili ikikimbiwa pale, inakatwa kwenye mshahara wa aliyehudumia. Haukupita muda meneja akamnong'oneza kitu, akamwonyesha kwa kidevu dereva mmoja aliyekaa peke yake. Binti akavua aproni, akaenda kukaa naye. Asubuhi, akinimiminia chai, aliniambia bila mimi kumuuliza: "Mama, mimi sikulazimishwa. Nilikuwa nadaiwa."

Sijalisahau jibu lile.

Wanaotetea uhuru wa kuchagua wana hoja nzito kuliko wengi wetu tunavyokiri. Vijiji vya Iringa na Njombe vimepeleka mabinti Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa miongo mingi. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, na huyo anaamka alfajiri na kulala wa mwisho. Nani amewahi kusimama kanisani kuuliza kama hausigeli alichagua kwa hiari? Wapo wanawake watu wazima, wenye watoto wa kusomesha, waliopima kuchuma chai Mufindi, kubeba mbao Mafinga na barabara ya usiku, wakaona barabara inawalipa zaidi na inawaachia mchana wao. Kumwambia mwanamke wa namna hiyo kwamba hajui anachokifanya ni kumgeuza mtoto. New Zealand ilipohalalisha kazi ya kuuza ngono mwaka 2003, sheria yake iliandika jambo ambalo wengi hawalijui: hata kama makubaliano yameshafanyika, mhusika ana haki ya kukataa kumhudumia mteja. Kwangu hicho ndicho kiini cha sheria ile, kuliko hata kibali chenyewe.

Upande wa pili, wa wanaopinga ngono kuuzwa, nao haujasimama juu ya mahubiri peke yake, ingawa kwetu, kwenye Walutheri, Wamoraviani na Wakatoliki wengi kiasi hiki, mahubiri yapo. Hoja yao iliyo bora ni kwamba mwili si gunia la viazi. Kuli anauza nguvu za mgongo, akichoka anatua mzigo. Anayenunua ngono ananunua nafasi ya kutosikia hapana kwa muda aliolipia, na fedha iko kwake. Kwa mawazo hayo Sweden tangu mwaka 1999 inamwadhibu mnunuzi na kumwacha anayeuza. Nilivutiwa sana na njia hiyo nilipoisoma mara ya kwanza. Lakini jaribu kuileta Tunduma. Dereva akiogopa kukamatwa, hatasimama penye taa. Atataka mambo yaishe haraka, gizani, nyuma ya matrela, na dada atakosa zile dakika mbili za kumtazama mtu usoni na kuamua kama ni wa kuingia naye chumbani. Sheria iliyotungwa kumlinda itakuwa imemnyang'anya nafasi ya kukataa.

Yetu inafanya hivyo tayari. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamweka kahaba anayetafuta wateja hadharani kwenye fungu moja na wazembe na wazururaji. Kanuni hiyohiyo inakataza kuishi kwa mapato ya ukahaba na kuendesha danguro, lakini usiku wa msako wanaopandishwa kwenye gari ni wanawake. Meneja anayenong'oneza hubaki kaunta akifunga hesabu. Na huku ndiko nyumbani kwa UKIMWI nchini: utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya watu wazima ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima, ila Njombe 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mwanamke anayeogopa kituo cha polisi atampeleka wapi mwanamume aliyevua kondomu katikati ya tendo? Sipendi misako hii, na sijaona mtu iliyempa pa kwenda.

Kwa wanenguaji mambo yako wazi zaidi, na ndiko tunakokosea zaidi. Aliyekubali kucheza amekubali kucheza. Hajakubali kwenda kukaa kwenye meza ya rafiki wa mwenye ukumbi, na hajakubali simu ziwashwe apelekwe kwenye magrupu ya WhatsApp hadi yamfikie mama yake Kyela. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono, ila macho ya watu huenda kwa aliyecheza kabla hayajaenda kwa aliyerekodi. Watu wanadhani ukishakubali jambo moja la aibu umekubali yote. Mimi nasema hapana, kila jambo linakubaliwa kivyake, na linaweza kukataliwa kivyake.

Walio chini ya miaka 18 siwaingizi kwenye mjadala huu kabisa. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ridhaa ya mtoto haimwokoi mtu mahakamani, labda awe mume wake. Na hata huko kwenye ndoa, Mahakama ya Rufani ilikubali mwaka 2019, katika shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka hiyo ni kinyume cha Katiba.

Kwa hiyo nasimama wapi? Siwezi kusema hii ni kazi kama kazi nyingine. Ningekuwa na binti akaniambia anakwenda Tunduma kuifanya, ningelia. Lakini machozi yangu hayawezi kuwa sheria ya kumkamata binti wa mwenzangu. Wanawake wasikamatwe. Anayebanwa awe mwenye baa anayemkata mhudumu mshahara kwa deni la mlevi, halafu akamwonyesha kwa kidevu pa kulilipia. Ofisa kazi wa wilaya angeanza na vile vizibo: aingie baa za barabarani, aombe daftari la mishahara, aulize kila kilichokatwa kimekatwa kwa nini.

Usiku ule Makambako, bia sita zingekuwa hasara ya mwenye baa, yule binti angevua aproni akaenda kulala kwake. Au angekwenda kukaa na yule dereva kwa sababu ametaka, na hapo mimi nisingekuwa na la kusema.