Plastiki laini: bakteria akishakula, anabakisha nini?

Kila ikitajwa habari ya kutengeneza kemikali za plastiki ambazo bakteria wanaweza kuzila kirahisi, watu wanawaka hapohapo: hayo ni maneno ya viwanda, si tuliambiwa kuna mifuko inayooza yenyewe, ikaishia kuwa vipande vidogovidogo mpaka Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku 2021? Kwa ile mifuko wako sahihi kabisa. Ila hapa vinachanganywa vitu viwili. Ile mifuko iliwekewa kitu cha kuivunja plastiki yenyewe, huku tunaongelea kilainishi, yale mafuta yanayochanganywa kwenye PVC, plastiki ya mabomba na nyaya, ili ilainike, na hayo yanatoka yenyewe hata usipoyagusa.

Chukua mpira wa kumwagilia bustani. Ukiwa mpya unaukunja utakavyo. Uache nje miaka kadhaa unakakamaa, ukiupinda unapasuka, na sababu mojawapo ni kwamba kilainishi kimeshaondoka, kimeingia kwenye udongo, maji na hewa, maana hakijashikana na PVC bali kimejipenyeza tu katikati yake. Na wala sio kidogo. DEHP, kilainishi kilichotawala dunia kwa miongo mingi, kinafika asilimia 30 mpaka 40 ya uzito wa mfuko wa damu wa hospitali.

Sasa ukiuliza kama DEHP inaoza utajibiwa ndiyo, na kweli bakteria wanaikata. Shida ni kinachobaki. Wakishaikata inatoka MEHP, kipande cha DEHP yenyewe, na hiyo ndiyo inayoharibu korodani za panya kwenye majaribio, maana yake sumu yenyewe inazaliwa baada ya kukatwa. Halafu inatoka alkoholi, si ya kunywa, ambayo inageuka kuwa asidi, na hapo bakteria anakwama. Kwa kawaida mnyororo wa kaboni anautafuna kutokea mwishoni, kaboni mbili mbili, lakini huu una tawi kwenye kaboni ya pili, palepale anapotakiwa kung'ata, kwa hiyo anafanana na mtu aliyekula samaki akaacha mwiba. Ukipima DEHP tu kwenye maji utaona imepungua utafurahi, kumbe kazi imeishia njiani na mabaki yapo, tena yanadumu. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba neno "inaoza" linaweza kuwa kweli na bado likatudanganya.

Ndo maana naona watu wa kubuni vilainishi hawasikilizwi vizuri. Hawasemi tu kioze, wanauliza kioze mpaka wapi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal walichukua kilainishi kimoja cha sokoni chenye atomu ya oksijeni katikati ya mnyororo, wakaona bakteria wanakikata nusu na ile nusu inang'ang'ania. Wakaijaribu molekuli ya karibu sawa, pale kwenye oksijeni ikiwa kaboni, na mabaki yake yakaliwa haraka zaidi. Atomu moja tu! Na jambo hili lina historia. Miaka ya 1950 mito ya Ujerumani na Marekani ilijaa povu kwa sababu sabuni za unga zilikuwa na minyororo yenye matawi ambayo bakteria hawaiwezi. Ujerumani ikatunga sheria 1961, Marekani viwanda vikabadilisha 1965, matawi yakaondolewa na povu likapungua sana. Watu hawakuacha kufua.

Wanaopinga wana hoja, tena moja nzito sana, kwamba bakteria hana kalenda. Kitu kinacholiwa kirahisi mtoni kinaweza kuliwa kirahisi ukutani, na ukungu kwenye mapazia ya bafuni tunaujua wote, PVC laini inashambuliwa hata leo. Waya wa umeme ukikakamaa na kupasuka ndani ya ukuta ni hatari ya moto. Kwenye damu ndo kugumu zaidi, maana DEHP inasaidia chembe nyekundu zisipasuke zikihifadhiwa, kwa hiyo mbadala wake lazima ufanye na kazi hiyo. Na hata kilainishi kikiliwa chote, PVC yenyewe inabaki, ikichomwa jalalani inatoa dioksini, sumu kali, vilevile.

Yote hayo nayakubali, lakini sioni yanavyotetea tuliyonayo. Ulaya wameibana DEHP kwenye midoli tangu 1999 na kila ikibanwa inaingizwa nyingine, mara nyingi ndugu yake mwenye matawi yaleyale. Kwa nyaya subirini, sawa. Ila mpira wa bustani, kitambaa cha meza na midoli havina sababu ya kusubiri, na kipimo cha kuruhusu kilainishi kipya kisiwe kimepotea kwa siku ngapi, kiwe kimeacha nini na hicho kilichoachwa kinakaa muda gani.