Asidi ya fomiki: hela inaishia kwenye maji

Kuna jamaa yangu yuko kiwanda cha ngozi hapa Moshi, siku moja nilimkuta pembeni ya dramu la kuzungushia ngozi anachanganya asidi ya fomiki, ile wanayotumia kwenye ngozi, kwenye ndoo, asidi kilo moja maji kilo kumi, uso kaugeuzia kule maana harufu yake ukiivuta vibaya unalia kama umemenya gunia zima la vitunguu vya Mang'ola. Dumu lenyewe la bluu, kilo 35, asilimia 85 ni asidi yenyewe na iliyobaki maji, limetoka China. Toka siku hiyo hii kitu haijanitoka kichwani, yaani kuna mtu huko kachoma nishati kibao kuyatoa maji, halafu sisi tunayarudisha kwa ndoo.

Sasa watu wa kemia wana ubishi wao, kwamba njia ya sasa hivi ya kutengeneza hii asidi imezeeka, tuhamie kwenye umeme na kaboni dayoksaidi, yaani umeme unaigeuza hiyo hewa na maji kuwa asidi. Hiyo ya sasa ndo wanayotumia wakubwa kama BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani: kaboni monoksaidi na methanoli zinabanwa kwa presha zinatoa methili fomati, methili fomati inavunjwa na maji unapata asidi, methanoli inarudi mwanzo. Tatizo hatua ya pili inapenda kurudi nyuma, ili iende mbele inabidi umwage maji mengi, na kuyatoa sasa ndo balaa. Maji yanachemka nyuzi 100, asidi nyuzi 100.8, na ukichemsha ikifika asilimia 77 hivi vinang'ang'aniana vinapanda mvuke pamoja. Ndo maana wanaikamua kwa kimiminika kingine kabla ya kuchemsha.

Upande wa umeme wana hoja, sio wababaishaji. Hewa ya kaboni dayoksaidi ipo, lile povu la mbege ni hiyo hiyo kaboni dayoksaidi, na ukipiga hesabu kilo moja ya spiriti ikitengenezwa kwa molasi inatoa hewa ya kutosha karibu kilo nzima ya asidi, na molasi huku Kilimanjaro tunayo. Ila nilikaa nikapiga hesabu ya umeme: kwa volti 3.5, hata usipoteze chochote, kilo moja inakula yuniti 4. Weka yuniti shilingi 200, ni 800 kabla hujalipa mtambo wala mtu, wakati asidi ya China kwa jumla mara nyingi haifiki dola moja kwa kilo. Na kinachotoka ni majimaji, tuseme asilimia 10, ukitaka kuyachemsha mpaka yafike 77 unahitaji joto la yuniti 5 na nusu kwa kila kilo, kuzidi hata ule umeme wa kuitengeneza! Wenye viwanda vya sukari wanaijua dawa yake, stimu moja inachemsha sufuria ya kwanza mvuke wake unachemsha ya pili, ila hii asidi inakula chuma kwahiyo sufuria zako andaa hela.

Kwa hiyo kushindana na dumu la bluu kwa kutengeneza dumu jingine la bluu, mi naona ni kupoteza muda. Ila kiwanda cha ngozi hakitaki asilimia 85, kinataka hayo hayo majimaji! Ngozi tani 10 kwa siku, asidi asilimia moja ya uzito, ni kilo 100, yuniti 400, yaani kilowati 17 mchana na usiku, mota ya mashine ya kusaga hiyo. Hata ikitoka kama fomati, yaani chumvi ya hii asidi, sio kesi sana, kwenye dramu ya pikoli, pale ngozi zinapolowekwa kwenye asidi na chumvi, chumvi ya kawaida na asidi ya salfa vimo tayari, asidi ya salfa inaigeuza humo humo. Japo hapo wapinzani wana jibu zuri, fomati ya sodiamu inapatikana kama mabaki ya viwanda vingine, bei chee, hutaki hata elektrolaiza, ule mtambo wa umeme.

Nikamwelezea jamaa yote hayo nikiwa nimechangamka kweli. Akaniuliza kitu kimoja tu, umeme ukikatika usiku na ngozi ziko ndani ya dramu inakuwaje? Nikasema si unaweka tangi la akiba. Akacheka, akanionyesha stoo, madumu manne yamepangwa ukutani.