Kilo 10 kwa wiki 2? Hesabu inakataa

Jamani hii biashara ya chai ya kukata tumbo imenichosha. Ukipanda teksi pale Old Park, Kampala, kuna mtu anaiuza, ukifungua status za WhatsApp iko, saluni iko, picha ya mama mwenye kitambi upande huu na kiuno cha nyigu upande ule, chini wameandika "kilo 10 kwa wiki 2, kula chochote". Wiki jana binti wa jirani yetu, ana harusi mwezi ujao, ameinywa akaharisha mpaka akaishiwa nguvu bafuni, wakambeba kwenye boda mpaka kliniki kuwekewa dripu. Na hela ya ile chai mtoto wa watu aliikusanya kidogo kidogo.

Tupige hesabu basi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kama kalori 7,700, kwa hiyo kilo 10 ni 77,000. Mwanamke wa kawaida anatumia kama 2,000 kwa siku, maana yake hata akae wiki 2 nzima bila kutia kitu mdomoni mwili utachoma 28,000, hazifiki hata kilo 4 za mafuta, na huyu ameambiwa ale chochote! Sasa mzani ukishuka kimetoka nini? Maji. Nyingi ya chai hizi zina majani ya sena, ni dawa ya kuharisha, na sena inafanya kazi kwenye utumbo mpana wakati chakula kimeshafyonzwa zamani kwenye utumbo mwembamba. Unapoteza maji na chumvi za mwili, mafuta yako palepale kiunoni, ukinywa maji siku mbili tatu uzito umerudi na unaambiwa ununue pakiti ingine. Huu ni wizi, na unaumiza watu.

Kinachotunenepesha kiko kwenye sahani na wote tunakiona. Nenda kwanjula yoyote, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa binti, au ingia hoteli ya mchana hapa mjini, mama anakuuliza chakula gani unamwambia changanya, anaweka matoke, posho (ugali), wali, kiazi, muhogo, halafu mchuzi wa maharage wa kulowesha tu na dodo, yaani mchicha, kijiko kimoja pembeni. Vyote vitano ni wanga! Matoke siyasemi vibaya, ndizi ya kupikwa kwa mvuke ndani ya majani karibu haina mafuta, lakini ukila matoke huna sababu ya kula na posho na wali saa hiyo hiyo. Chagua kimoja, nusu ya sahani iwe dodo au nakati (mboga nyingine ya majani) au sukuma, na maharage au mukene (dagaa) yawe ya kushibisha, maana protini ndiyo inakushikilia mpaka jioni na ndiyo inalinda misuli wakati uzito unashuka.

Mafuta ya kupikia nayo, kijiko kimoja cha mezani ni kalori 120. Rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, sikukatazi, mwambie kijana apunguze mafuta aongeze nyanya na kabichi, wanakubali. Soda nyingi za nusu lita zina sukari kama gramu 50, hicho ndicho kiwango cha juu cha siku nzima kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), na bado njaa iko palepale.

Ukipunguza kama kalori 500 kwa siku, mwanzoni utashuka karibu nusu kilo kwa wiki, baadaye kasi inapungua. Ni polepole, najua, lakini ni mafuta kweli yanayotoka. Mazoezi sawa, tembea. Na nakubali posho ni rahisi kuliko mukene, mwenye watoto sita hapangi sahani anavyotaka.

Kuna lingine linaniuma. Kwetu ukikonda kidogo tu wazee wanauliza unaumwa nini. Nawaelewa, miaka ya 1980 kule Rakai na Masaka waliona watu wakikonda kwa UKIMWI mpaka kaburini, walizika ndugu baada ya ndugu, woga ule hauwezi kuisha hivi hivi. Ila ndio unaofanya mwenye kisukari aongezewe posho na shangazi yake kwa mapenzi kabisa. Kaa na shangazi, mweleze mapema unabadilisha nini na kwa nini, asije akalala na hofu.

NDA (mamlaka ya dawa ya Uganda) na UNBS (shirika la viwango), pakiti ambazo hazijaandikwa kilichomo tunaomba mzifuate mpaka huko kwenye WhatsApp. Na wewe uliyeshaanza kuinywa, acha leo, kunywa maji na ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), ukisikia kizunguzungu au moyo unaenda mbio nenda kliniki na pakiti yenyewe uibebe, daktari aone ulikuwa unakunywa nini.